Mgeni wa Mama Tumpe

Washarika wapendwa, Biblia zenu zifungeni kwanza, tutazifungua baadaye. Na wewe kijana wa kwaya uliyeshika simu, iweke mfukoni, usiniambie unasoma andiko humo. Nataka kuwasimulia habari ya watu wachache. Nimewatunga mwenyewe jana nyumbani kwangu, kwa hiyo msianze kugeuka na kutazamana mkinong'ona kwamba mchungaji anamsema fulani. Simsemi mtu.

Kulikuwa na mzee mmoja na mke wake, huko juu Tukuyu, kule ambako mvua ikianza kunyesha inasahau kunyamaza. Mzee alikuwa mpimaji wa chai. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye kituo cha kununulia majani, akitundika vikapu vya watu kwenye mizani na kutaja uzito kwa sauti kubwa, hadi sauti yake ikazoea kuwa juu. Mke wake alilima ndizi na magimbi akauza sokoni. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, wa kike, wakamwita Tumpe. Tangu siku hiyo mke akawa Mama Tumpe, mume akawa Baba Tumpe, na majina yao ya ubatizo yakabaki kwenye cheti cha ndoa.

Tumpe akasoma, akawa muuguzi, akafanya kazi hapa na pale, kisha akapata nafasi Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku ya kuondoka, Baba Tumpe ndiye aliyebeba begi mpaka stendi. Hakulia. Aliporudi nyumbani akachukua jembe, akaingia shambani kupalilia mahali palipokuwa pamepaliliwa juzi yake. Mke wake akamtazama kutoka jikoni, akamwona anavyopalilia udongo mtupu, akamwacha. Mvua ndiyo iliyomrudisha ndani.

Najua humu mna watu wenye watoto nje. Msiinue mikono, nawajua. Wako Marekani, wako Uarabuni, mmoja yuko sijui wapi kule ambako jua halitui. Watu wanadhani mzazi aliyeachwa analia kila siku. Halii kila siku. Kuna kuku wa kufungulia, kuna chai ya kupika, kuna msiba kwa jirani. Anatafuta namna yake ya kuishi, kila mtu na namna yake.

Baba Tumpe namna yake ilikuwa saa. Alinunua saa ya pili ya ukutani, akaitundika chini ya ile ya zamani, akaitegesha majira ya Uingereza. Asubuhi akiwa na kikombe chake alikuwa akitazama juu, halafu chini, kisha anatangaza: "Huko ni saa kumi na moja alfajiri. Mtoto anavaa viatu." Mwezi wa tatu Tumpe akamwambia kwamba huko wamesogeza saa mbele. Mzee alikasirika siku mbili nzima. "Serikali imesogeza saa," alimwambia kila mtu aliyepita, "na watu wamekubali!" Lakini akapanda kwenye stuli akaisogeza na yake.

Mama Tumpe namna yake ilikuwa maneno. Kila Jumapili baada ya ibada Tumpe alipiga simu ile ya picha. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, wazee wakakaa bega kwa bega kwenye benchi.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"MARAHABA MWANANGU! UMEKULA?"

"Baba Tumpe, usipige kelele. Hupo kwenye mizani. Mtoto yuko hapa hapa kwenye simu."

"Yuko hapa wapi? Yuko Ulaya!"

Simu ikikatika, kazi ya Mama Tumpe ndiyo ilianza. Jumatatu hadi Jumamosi aliyachambua yale maneno kama mtu anayechambua mchele. "Alisema amechoka kidogo. Lile 'kidogo' ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Lilikuwaje?"

"Lilikuwa kidogo."

"Wewe masikio yako ni ya kusikia kilo tu. Lile 'kidogo' lilikuwa la kuficha kitu."

Waliishi hivyo. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka wa tatu Baba Tumpe akaanguka bafuni. Kiharusi. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vikalegea, mdomo nao ukaenda upande. Mama Tumpe, mwenye miaka sabini na ushee na kiuno kinachomsumbua, akajaribu kumnyanyua, akashindwa, akakaa naye pale chini kwenye maji hadi jirani aliposikia anaita.

Tumpe alilia kwenye simu. "Mama, mchana kutwa nawanyanyua baba za watu. Nawaogesha, nawavika soksi. Baba yangu nani anamnyanyua?"

Akatafuta mtu. Kwa kuulizia kwa wauguzi wenzake akampata mwanamke mmoja kutoka kijiji kimoja huko Sumbawanga, jina lake Skola. Si binti mdogo, mtu mzima, miaka thelathini na minne, ana mikono ya kulima na moyo wa utulivu. Baba yake alishafariki. Alimwacha mama yake nyumbani, peke yake, akapanda basi akaja Tukuyu.

Skola huyo, washarika, alikuwa mtu. Alijua kumwinua mzee bila kumfanya ajione mzigo. Alikuwa akimwambia, "Babu, leo tunakwenda kituoni kupima chai, simama," na mzee anacheka kwa ule mdomo wa upande na kusimama. Alimwogesha kwa maji ya moto, alimnyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyoelekezwa na watu wa mazoezi ya viungo. Kila Jumamosi alimnyoa ndevu kwenye kibaraza. Mzee akaanza kumwita mwanangu. Hata zile saa mbili za ukutani, Skola ndiye alikuwa anazifuta vumbi na kuzibadilishia betri.

Na Mama Tumpe hakuwa mama mbaya. Nisikilizeni vizuri hapo. Walikula meza moja. Sikukuu ikifika alimnunulia kitenge, na si cha bei ya chini. Kanisani walikwenda pamoja, ingawa Skola ni Mkatoliki. Alipougua malaria, Mama Tumpe alimpikia uji mwenyewe.

Pasaka moja Skola akamjia jikoni, akasimama karibu na mlango. "Bibi, nilikuwa naomba nikamwone mama. Macho yanamsumbua."

Mama Tumpe akaweka mwiko chini. "Skola mwanangu, nakuelewa. Lakini ukiondoka, babu yako nitamfanyaje? Unajua kiuno changu. Vumilia kidogo, tukishavuna tutaona."

Wakavuna. Skola akauliza tena. Wakati huo mzee alikuwa na kikohozi, ikawa haiwezekani. Mwezi wa kumi akauliza mara ya tatu, akiwa ameshaanza kukata tamaa, akauliza huku anaosha sufuria bila kumtazama usoni. Akaambiwa nafasi haipatikani, labda baada ya mwaka mpya.

Sasa niambieni, Mama Tumpe angefanyaje? Mume hawezi kwenda chooni mwenyewe, yeye mwenyewe mgonjwa, mtoto yuko mbali. Wewe ungemruhusu? Naona vichwa vinatikisika. Mama pale mbele ametikisa kabisa, amesema angekataa. Vizuri. Nami ningekataa.

Basi. Mwaka huo Tumpe alikuwa amesema anakuja Krismasi. Miaka sita hawajamshika mkono! Mama Tumpe akapaka chokaa chumba kizima. Akaanika godoro juani, na Tukuyu jua la kuanika godoro ni la kuviziwa. Akaacha kuchinja jogoo tangu mwezi wa nane, mpaka uwanja ukawa na majogoo sita wanaopigana kutwa. Sokoni hakuna muuza nyanya ambaye hakuambiwa tarehe. Baba Tumpe akawa anafanya mazoezi ya mguu bila kulazimishwa, maana alitaka kumpokea binti yake amesimama.

Jumapili ya kwanza ya Desemba simu ikaita. Tumpe alikuwa amevaa nguo za kazi, macho mekundu.

"Mama, likizo wamenikatalia."

"Nani amekukatalia?"

"Mkuu wetu wa kazi. Wenzangu wawili wameacha kazi, anasema hakuna wa kubaki na wazee. Anasema nivumilie, labda baada ya Pasaka."

Mama Tumpe akasimama mbele ya simu. "Huyo mkuu ni mwanamume au mwanamke?"

"Ni mwanamke, mama. Ni mama mtu mzima, ana watoto."

"Ana watoto! Na hajui kwamba wewe umezaliwa? Anadhani uliokotwa? Anadhani huku hakuna mtu anayekaa anahesabu siku?"

Tumpe akafunika uso kwa viganja. Na Baba Tumpe, yule ambaye hajawahi kuongea kwa sauti ya chini maisha yake yote, akasema polepole sana: "Mwambie mtoto asilie."

Jumatano ile, kwenye maombi ya akina mama, Mama Tumpe akasimama. Hakuficha kitu. Aliwaambia wenzake kwamba kuna mwanamke huko Uingereza amemshikilia mwanawe, akaomba wamwombee huyo mwanamke, Mungu amguse moyo, akumbuke kwamba mfanyakazi wake ana mama. Akina mama walilia. Ombi lile liliombwa kwa nguvu, wengine wakapiga sakafu kwa viganja. Na Skola alikuwepo, amepiga magoti pembeni ya Mama Tumpe, akaomba kuliko wote, machozi yakamdondokea kwenye kitenge alichonunuliwa.

Wiki moja kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi, mvua ilikuwa imekatika. Baba Tumpe alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, Skola alikuwa amekwenda mashineni kusaga mahindi. Bodaboda ikapanda kile kilima ikasimama uani. Akashushwa mama mmoja mzee, mwembamba, amejifunga khanga mbili, mkononi ana mfuko wa salfeti, ule wa mbolea. Dereva akamshika mkono, akamwongoza hadi mlangoni, maana alikuwa anapapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga.

"Hodi hapa."

"Karibu mama, karibu ndani," Mama Tumpe akamwitikia. "Habari za safari?"

"Nzuri, namshukuru Mungu. Siku ya pili leo niko njiani, jana nililala Mbeya kwa ndugu wa kanisani kwetu. Nimeelekezwa kwamba hapa ndipo anapokaa Skola."

"Ndipo. Amekwenda mashineni, sasa hivi anarudi. Wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Mama Tumpe akamkalisha jikoni karibu na moto, akampa maji, akamimina chai. Mgeni akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akanywa kidogo.

"Na wewe mama," akauliza, "ni jirani wa hapa?"

Mama Tumpe akageukia moto, akasogeza kuni isiyohitaji kusogezwa. Mgeni hakuona. Akaendelea.

"Naulizia kwa sababu nimekuja kuonana na mwenye nyumba. Skola ananiambia ni mama mwema sana, anakula naye meza moja, alipougua alimpikia uji. Nataka nimshukuru. Lakini nafasi ya kuja nyumbani haipatikani, na mimi jicho la kulia limeshafunga. Hili la kushoto linaona kama mtu aliyekaa kwenye moshi. Nikasema, kabla halijafunga na lenyewe, nikamwone mwanangu. Yeye hawezi kuja, lakini mimi miguu bado ninayo. Sikuja kumchukua, mama. Nimwone tu, halafu nigeuze."

Akanywa tena chai.

"Jumuiya yetu kule imenisaidia sana. Tumesali siku tisa, jioni kwa jioni, tukimwombea huyo bosi wake. Mungu amguse moyo, akumbuke kwamba mfanyakazi wake ana mama. Na yeye ni mama, atasikia tu."

Washarika, naona pametulia.

Siku zile zile ambazo akina mama wa Tukuyu walikuwa wanapiga sakafu kwa viganja, wakimwombea bosi aliyeko Uingereza, kule Sumbawanga kikundi cha wanawake walikuwa wamepiga magoti kwenye sebule ya mtu, wakimwombea bosi aliyeko Tukuyu. Ombi ni lile lile, mpaka maneno. Lile la Uingereza Mama Tumpe hakuwa na uwezo wa kulijibu hata angefunga mwezi mzima. Hili lingine lilikuwa limekaa kwenye kigoda chake, linakunywa chai yake.

Mama Tumpe alifanyaje? Alikaa chini. Siyo kwenye kigoda, chini kabisa, kwenye sakafu, karibu na miguu ya mgeni. "Mama," akasema, "mimi si jirani. Huyo bosi ni mimi."

Mgeni akageuza uso kuifuata sauti. Akaweka kikombe pembeni, akapapasa hewani hadi akakipata kichwa cha Mama Tumpe, akashuka hadi begani, hadi mkononi. Akaushika mkono ule.

"Basi Mungu ana haraka," akasema. "Mimi nilidhani nitakungoja mpaka jioni. Usilie, mama. Nimekuletea maharage."

Skola aliingia ndoo ya unga ikiwa kichwani. Alipomwona mama yake alisahau kuitua. Alisimama tu pale mlangoni, ndoo juu, machozi yanashuka, mpaka Mama Tumpe akainuka na kiuno chake kibovu akamtua yeye.

"Njoo karibu," mama yake akasema. "Karibu zaidi. Hapo, usitikisike." Akampitisha vidole usoni, paji, mashavu, kidevu, akarudia tena. "Umekonda."

"Sijakonda mama, nimenenepa. Kila mtu anasema."

"Umekonda hapa," akamgusa chini ya macho.

Mchana ule, Mama Tumpe akachukua simu yake kumwonyesha mgeni picha ya Tumpe, halafu akakumbuka kwamba mgeni haoni. Akataka kuirudisha mfukoni. Mgeni akasema, "Nisimulie tu, nitamwona." Basi Mama Tumpe akaanza kumsimulia. Ana mwanya kama wangu. Ana kovu kwenye nyusi, aliteleza kwenye mgomba akiwa na miaka sita. Akicheka anafunika mdomo, hata nilimkataza. Na kadiri anavyosimulia sauti inakatika, mpaka akasema, "Mwenzangu, huyu namwona kila Jumapili, lakini nimeshasahau nywele zake zinanukiaje." Wakakaa hivyo, wazee wawili, wakashikana mikono mpaka chai ikapoa. Huko barazani Baba Tumpe alikuwa anauliza kwa sauti yake yote kwa nini hakuna mtu anayemletea na yeye chai.

Kesho yake Mama Tumpe akamwita Skola. "Fungasha. Unakwenda na mama yako. Mpitie Mbeya hospitali, wamtazame macho. Krismasi ule kwenu. Urudi mwezi wa pili, na ukiona mama anakuhitaji zaidi, nipigie, tutazungumza."

"Na babu, Bibi?"

"Babu ni mume wangu. Nilimpenda kabla wewe hujazaliwa. Nenda."

Maneno mazuri, sivyo? Siku ya kwanza baada ya Skola kuondoka, Mama Tumpe akajaribu kumwinua mume wake kutoka kitandani. Wakaanguka wote wawili kwenye godoro, mmoja juu ya mwenzake, wakabaki hivyo wanacheka na kulia. Halafu akafanya jambo ambalo miaka mitatu hakulifanya, kwa aibu. Akajifunga khanga, akaenda kwa wale akina mama wa Jumatano, nyumba kwa nyumba, akawaambia: "Mliniombea. Sasa njooni mninyanyulie mume."

Wakaja. Mmoja alimtuma mume wake asubuhi kabla ya kwenda shamba. Mwingine alikuja na vijana wake wawili wenye mabega. Mmoja, fundi wa kushona, akawa anafika kila Jumamosi kumnyoa, ingawa alimkata mara mbili na mzee akamtangaza mtaa mzima. Wakapokezana hivyo wiki saba. Ile nafasi iliyokuwa haipatikani tangu Pasaka ilikuwepo muda wote, mlango wa pili. Hakuna aliyeomba, na tukiwa wakweli, hakuna aliyejitolea.

Jumapili simu ikaita. "Mama, Skola simwoni leo."

"Amekwenda kwao kumwona mama yake."

Tumpe akasogeza uso karibu na simu. Kisha akasema, "Mama, asante. Miaka yote hii nilikuwa naogopa kukuuliza kama Skola anakwenda kwao. Niliogopa utaniambia haendi, na nikishajua itanibidi niseme kitu. Na akienda, baba je? Nikanyamaza. Huku nalilia likizo, na mimi nimemfungia mtu huko."

Krismasi ile Tumpe hakuja. Siwezi kuwadanganya kwamba yule mkuu wa Uingereza aliguswa moyo usiku na kumpa tiketi. Walikula jogoo mmoja na majirani, wale watano wakaendelea kupigana. Yule mama wa Sumbawanga jicho la kulia lilikuwa limechelewa. La kushoto lilifanyiwa upasuaji, likafunguka. Tumpe alikuja mwaka uliofuata, mwezi wa saba, akakaa siku kumi na nane. Baba yake alimpokea amekaa, mguu ulikataa. Skola alikuwepo, na Tumpe akamkumbatia kabla hajaingia ndani ya nyumba.

Sasa sisi.

Tunakuja hapa kila Jumapili na bahasha za maombi. Nazisoma mimi. "Mchungaji, mwombee mwanangu Dubai, bosi wake amemchukulia pasi ya kusafiria." "Mchungaji, binti yangu hajapewa likizo mwaka wa nne." Nazisoma, tunaomba, tunalia, na ni sawa, tuendelee kuwaombea. Lakini nani amebaki nyumbani kwako saa hii, anapika chakula utakachokuta mezani? Ametoka wapi? Nani amelala getini kwako anakulindia gari? Kijana anayekukamulia ng'ombe, kwao ni wapi, na mama yake anamhesabia siku tangu lini? Tunadhani mtoto aliyekwenda mbali ni yule aliyepanda ndege. Yule aliyepanda basi la usiku kutoka Singida kuja kulea wajukuu zako, huyo hatumwiti amekwenda mbali. Tunamwita dada.

Wazee wangu mlioachwa, sikuja kuwaongezea mzigo. Najua nyumba zenu zilivyo kimya. Najua mnavyoshika simu hata ikiwa imezimwa. Ila kama kuna mtu duniani anayejua uchungu wa mama wa dada wa kazi, ni wewe. Si serikali, si mwanasheria, ni wewe. Mungu amekupa maarifa hayo kwa bei kubwa. Usiyaache yakae bure.

Na ninyi majirani wa wazee hawa, mnaoimba vizuri sana hapa, nani kati yenu anajua jirani yake mzee anaingiaje bafuni?

Nami nisiwahubirie nikiwa nimesimama juu. Kwetu yuko dada mmoja, Nyamizi, mwaka wa pili sasa, anatulelea watoto wetu watatu. Jana jioni, nikiwa naandaa neno hili, kalamu ikasimama. Nikagundua sijui jina la mama yake. Nikamwita sebuleni, nikamuuliza, nikamwambia apige simu, niongee naye. Akapiga, akanikabidhi. Nikasema, "Shikamoo mama, mimi ni mchungaji, ni kwangu anakofanya kazi Nyamizi." Washarika, yule mama hakuniuliza habari za mshahara, wala habari za likizo. Aliniuliza kama yule mtoto wetu wa mwisho homa imeshuka, maana amemwombea wiki nzima. Na alimtaja kwa jina.